Kungoja Kamera Nzuri

Kwenye albamu ya familia yetu kuna shimo la miaka tisa. Picha ya mwisho kabla ya shimo ni yangu mimi, Idi ya mwaka 2004, nina miaka sita. Nimesimama mbele ya pazia lililochorwa mnazi na bahari, ingawa Bujumbura hatuna bahari, tuna ziwa. Nimevaa kanzu nyeupe na kofia inayonizidi kichwa. Picha imetoka safi. Ukiisogeza karibu na macho unaona mpaka nyuzi za kofia. Baada ya hapo kurasa ni tupu. Mdogo wangu alizaliwa 2006, akaota meno, meno yakang'oka, akaanza shule, na hakuna picha hata moja ya studio ya miaka yake hiyo.

Na sisi ndio tuliokuwa na studio.

Ilikuwa ya baba mdogo, Buyenzi, kwenye moja ya zile avenyu zenye namba badala ya majina. Kwa msomaji asiyepajua: Buyenzi ni kartiye ya Waswahili wa Bujumbura. Kuna misikiti, gereji, maduka ya spea, soko la Ruvumera. Kuna Warundi, Wakongo na watu ambao babu zao walitoka Ujiji, na wote wanaelewana kwa Kiswahili chenye Kirundi na Kifaransa ndani yake. Baba mdogo alijifunza kazi hapo, enzi ya mkanda. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, vikaendelea mpaka Januari 1999. Miaka hiyo, anasema, mkanda ulitafutwa kama petroli. Mkanda mmoja ni picha 36, na ukiharibu moja hairudi. Ndo alipozoea kutobonyeza mpaka uso wa mtu utulie. Watu walimtania kwamba anachelewa, lakini picha zake walizitundika ukutani.

Mwaka 2003 kijana mmoja wa jirani alirudi kutoka Dubai na kamera ndogo ya dijitali. Avenyu nzima ilikuja kuiona. Akampiga bwana harusi mchana, nje ya msikiti, akaonyesha picha papo hapo kwenye kioo cha nyuma. Watu wakapiga makofi. Baba mdogo akainama, akaangalia kwa muda, akasema, "Kanzu imeungua, uso umezama."

Alikuwa sahihi. Mkanda wa rangi unavumilia mwanga mwingi. Kitambaa cheupe kikipigwa na jua kinabaki na mikunjo yake, na uso mweusi ulio juu yake bado unaonekana. Kamera za dijitali za bei nafuu za wakati ule hazikuweza vyote viwili. Ukiokoa uso, kanzu inageuka bati jeupe. Ukiokoa kanzu, uso unakuwa kivuli. Kwa mtaa ambao kila sherehe ni kanzu nyeupe na jua la saa saba, hilo si jambo dogo.

"Bado," akasema. "Ikifika sawa na mkanda, na bei ikashuka, nitanunua." Akachukua kopo la maziwa ya unga, akatoboa kifuniko, akaanza kuweka faranga.

Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na injinia wa Kodak huko Marekani, Steven Sasson. Picha yake ilikuwa na nukta elfu kumi tu, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak waliuza kamera ya nukta milioni moja na kidogo, kwa bei ambayo magazeti makubwa tu yangeweza kulipa. Mwaka 2003 Canon wakatoa kamera ya nukta milioni sita kwa chini ya dola 1000. Mtu yeyote anayeangalia mteremko huo anaona kinachokuja. Bei inashuka, ubora unapanda, siku moja vitakutana. Kwa nini ununue leo kitu kibaya kwa pesa nyingi, wakati kesho kutwa utapata kizuri kwa pesa kidogo?

Tatizo ni kwamba mkanda nao haukukaa kumsubiri. Labo ya mjini iliyokuwa ikisafisha mikanda yake ikaacha kazi hiyo. Akabaki na kamera yake ya macho manne, ile inayotoa picha nne za pasipoti kwenye karatasi moja kwa dakika moja. Mwaka 2008 Polaroid wakatangaza kuacha kutengeneza karatasi zake. Baba mdogo akanunua mashine ya fotokopi. Pazia la mnazi likabaki ukutani, na mbele yake watu wakapanga foleni ya kutoa kopi za vyeti. Mama akimwambia, "Shemeji, mpige basi huyu mtoto hata na simu," alijibu kila mara maneno yaleyale: "Ngojeni kidogo. Nikipata kamera nitampiga vizuri."

Basi swali langu ni hili. Mtu anayengoja kitu bora, anamkosea nani?

Najua jibu la haraka, kwamba hamkosei mtu. Kungoja ni hekima. Tumelelewa hivyo: subira huvuta heri, mvumilivu hula mbivu. Lakini wazee haohao wametuachia na ile nyingine, ngojangoja huumiza matumbo. Hawakuwa wamechanganyikiwa. Nadhani waliona kwamba kuna kungoja kwa aina mbili, na sisi tumezipa jina moja. Mimi nilikuja kuzitofautisha kwa shida, kando ya ziwa.

Mwezi wa tano 2015 tulitoka Bujumbura. Sababu za watu kukimbia mwaka ule zinajulikana, sitazirudia. Tulifika Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kando ya Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka. Tulikuwa makumi ya maelfu ya watu kwenye ufukwe mwembamba, mlima nyuma, maji mbele, kipindupindu katikati. Usafiri wa kwenda Kigoma ulikuwa meli ya MV Liemba, ambayo Wajerumani waliiunda mwaka 1913. Kagunga haina gati, kwa hiyo unapanda mtumbwi kwanza, ndipo mtumbwi ukupeleke melini. Katika kusukumana kule mdogo wangu akapanda mtumbwi na watoto wa watu wengine. Tulipogeuka, hayupo. Meli ikaondoka naye. Sisi tulivuka siku iliyofuata.

Kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, ambako watu walipokelewa, hakuwepo. Mabasi yalikuwa yameshachukua watu kuwapeleka kambini. Dada mmoja aliyekuwa akiandika majina ya watoto waliopotea akatuuliza, "Mna picha yake?"

Tulitazamana na baba mdogo. Mtu aliyepiga harusi za nusu ya Buyenzi.

Mama akatoa simu. Ndani yake kulikuwa na picha moja. Idi ya mwaka 2013, fundi mmoja wa gereji ya jirani alimpiga mtoto kwa simu yake ya vitufe, akamtumia mama kwa blutuzi. Ukubwa wa picha: nukta 640 kwa 480. Ilipigwa saa saba, juani. Kanzu imeungua yote, haina mkunjo hata mmoja. Uso nusu kivuli. Mkono umetikisika. Siku ile baba mdogo alipoonyeshwa alicheka akasema, "Hii siyo picha." Lakini mtoto amesimama kwa mguu mmoja, na kwa kidole gumba cha mguu wa pili anajikuna ndama, kama anavyofanya mpaka leo akiwa na aibu.

Simu ikazungushwa kwa watu. Kwenye foleni ya maji mwanamke mmoja akaitazama, akasema, "Uso siujui. Lakini huyu anayejikuna kama korongo nilikuwa naye melini. Amepanda basi la jana, la Nyarugusu." Siku ya nne tukampata. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa familia ya Makamba, anakula ugali wao.

Nimeifikiria picha ile miaka yote hii. Kwa mizani ya baba mdogo ilikuwa takataka, na mizani yake ilikuwa ya kweli. Sitaki kusema kwamba ubora hauna maana, eti picha ni picha tu. Ingekuwa safi, tungempata siku ya kwanza. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ya Rwanda, mashirika yalipiga picha za watoto waliopotezana na wazazi, yakazibandika kambini ili wazazi wapite wakizitazama. Mzazi anayetafuta mtoto kwenye ubao kama huo anahitaji picha inayoonyesha uso. Lakini kwanza anahitaji picha iwepo. Na lazima iwe imepigwa sasa, kwa sababu uso wa mtoto wa miaka mitatu mwakani utakuwa mwingine.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Kamera ni kitu kinachoweza kungojwa. Ukiichelewesha miaka kumi, haipotezi chochote, inazidi kuwa nzuri na rahisi. Mtoto hangojeki namna hiyo. Baba mdogo alipokuwa akingoja, yeye hakulipa kitu. Aliyelipa ni aliyekuwa mbele ya kamera, na hakuulizwa.

Sasa nimtendee haki, maana yuko hai na atasoma hapa. Nilipomsomea sehemu hii alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umesahau kopo."

Kweli nilikuwa nimelisahau. Lile kopo la maziwa, lenye pesa ya kamera ya miaka kumi na mbili, ndilo lililolipa gari kutoka Bujumbura mpaka kusini, na likatulisha njiani. Angeinunua ile kamera mwaka 2008 kama mama alivyotaka, huenda tusingekuwa na nauli. Kungoja kwake kulituvusha. Nitamjibu nini?

Nimemjibu hivi. Kutonunua halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuacha kupiga. Hivyo ni vitu viwili, na yeye alivifunga pamoja. Aliweza kuendelea kuweka faranga kwenye kopo, na jioni akamwomba fundi wa gereji simu yake, akamsogeza mtoto kivulini, akabonyeza. Isingemgharimu senti. Mkulima anayengoja mvua haachi jembe. Analima kabla mvua haijanyesha. Huyo ndiye mwenye subira. Anayekaa kizingitini akitazama mawingu naye anangoja, lakini shamba lake linaota magugu.

Kwa nini hakufanya hivyo? Nadhani ni heshima ya kazi. Jina lake lilikuwa kwenye kuta za watu. Kutoa picha mbovu kungekuwa kama fundi cherehani kutoa suruali yenye mguu mmoja mfupi. Hilo naliheshimu. Lakini nadhani pia aliukadiria vibaya ubora wenyewe, akaupa mkanda sifa ambayo haikuwa ya mkanda.

Maana mkanda nao haukutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miaka mingi Kodak walipeleka kwenye labo kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, watu wa kazi wakaiita kadi ya Shirley. Fundi wa labo alirekebisha rangi mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, na nyuso nyingine zikafuata hapohapo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kabla ya hapo, wapiga picha wa Afrika nzima walijifunza wenyewe namna ya kuutoa uso mweusi kwenye mkanda uliopimwa kwa uso mweupe: kumgeuza mtu, kufungua lenzi zaidi kidogo, kuweka kitambaa cheupe chini ili mwanga urudi usoni. Baba mdogo aliyajua yote hayo. Ule ubora aliokuwa akiungojea utoke kwenye kiwanda, nusu yake ulikuwa mikononi mwake tayari. Simu ya fundi wa gereji ilikuwa mbaya, sawa, lakini ingekuwa mbaya kidogo tu mikononi mwa baba mdogo.

Nikamwambia habari ya Samuel Fosso. Alizaliwa Kameruni, akakulia Nigeria, akapitia vita vya Biafra akiwa mtoto, kisha akaenda kwa mjomba wake Bangui. Mwaka 1975, mwaka uleule ambao Sasson alikuwa Marekani na mashine yake ya kaseti, Fosso alifungua studio yake mwenyewe akiwa na miaka 13. Mchana alipiga wateja. Jioni, kama mkanda umebaki na picha chache na wateja wameisha, alijipiga mwenyewe na kumtumia bibi yake Nigeria, ili ajue kwamba mjukuu ni mzima. Picha hizo za mabaki ya mkanda leo zinaonyeshwa kwenye majumba ya sanaa duniani, lakini hilo halinigusi sana. Kinachonigusa ni kwamba bibi alizipata. Na mwaka 2014, nyumba ya Fosso ilipoporwa katika vurugu za Bangui, negativu zake zilitupwa barabarani, na waandishi wa habari waliokuwa wakipita wakaokota walichoweza. Kwa hiyo hata mkanda, huo wa kuaminika, hauna ahadi. Picha inayosalimika ni ile iliyoshafika kwa mtu.

Nasema haya kwa sababu tunaoishi hapa tunajua kungoja kuliko watu wengi. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo. Waliozaliwa humu miaka ile leo ni wazazi. Tunaambiwa kuna suluhisho la kudumu la aina tatu: kurudi nyumbani, kukaa na wenyeji, au kupelekwa nchi ya tatu. Ni sawa kuvingojea, na mtu asicheke anayevingojea. Lakini nawaona watu wameweka na mengine yote ndani ya kopo. Huyu hatamfundisha binti yake kushona mpaka wafike huko. Yule hatapanda mpapai, eti ni wa muda tu, na amekuwa wa muda kwa miaka minane. Mwingine hataki kupigwa picha akiwa na nguo za hapa: "Nitapiga nikitoka." Namwelewa kabisa. Ila mwanawe hatakuwa na umri huu akitoka.

Na kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika, ambao mnasoma jarida hili pia na ambao wengi wenu mnajituma kuliko mnavyolipwa: nawaomba jambo moja. Mnaposema "subirini kidogo, tunataka kulifanya vizuri," huwa mnasema kweli. Mpango bora unakuja, jengo imara linakuja, mtaala mzuri unakuja. Jiulizeni tu nani anailipia hiyo miezi ya katikati, na kama kuna kibaya kidogo kinachoweza kufanyika leo bila kuzuia kile kizuri cha kesho. Liemba ilikuwa na miaka zaidi ya mia moja tangu iundwe. Hakuna aliyetuambia pale ufukweni tungoje meli mpya.

Upande wetu, wenye simu, kuna dawa ndogo. Simu ya kawaida siku hizi ina nukta nyingi kuliko ile kamera ya 2003 ya karibu dola 1000. Siku ambayo baba mdogo aliingoja imefika, ikapita, hatukuitambua kwa sababu ilikuja ndani ya simu. Lakini simu inaibwa, inaanguka majini, inakufa na kila kitu. Hapo mzee ana haki kuliko sisi vijana: kilicho kwenye karatasi kinaonekana hata bila chaji. Piga leo, na ukipata nafasi ya kufika penye printa, toa hata moja.

Ijumaa iliyopita nilimkuta baba mdogo nje ya nyumba, ameazima simu yangu bila kuniambia. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yake, mrefu sasa kunizidi, kanzu nyeupe, jua kali. Baba mdogo hakubonyeza. Alimshika bega akamsogeza chini ya mwembe, akatandika khanga nyeupe ya mama chini ili mwanga umrudie usoni, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja. Alingoja kidogo tu, mpaka uso ulipotulia.

"Bado siyo sawa na mkanda," aliniambia akinirudishia simu. Halafu akauliza ni bei gani kuitoa kwenye karatasi.